Shamba la mzee Nala: tuuze sasa au tujipange na mji unaotufuata?

kijana_wa_nala

Wakuu habari za majukumu. Nina jambo linaninyima usingizi karibu mwezi sasa naomba mawazo yenu, hasa nyie mlioko Dodoma na mnaojua mambo ya ardhi na biashara.

Mzee wangu ana shamba la ekari 3 kata ya Nala, sio barabarani kabisa, ukishuka barabara ya Singida unaingia ndani kama dakika kumi kwa mguu. Ni shamba la siku zote, uwele na alizeti, mwaka mvua ikigoma mnaambulia mabua ya kulisha ng'ombe. Nimekulia hapo, asubuhi kabla ya shule tulikuwa tunaamia ndege kwenye uwele mpaka sauti inakauka, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hiyo ardhi ina thamani yoyote zaidi ya gunia utakalovuna. Sasa hivi kiwanda cha mbolea cha Itracom kiko Nala hiyohiyo, barabara ya mzunguko inapita kwetu, malori usiku kucha.

Shida imeingia kwenye familia. Kila Jumamosi dalali anakuja na pikipiki kabeba mteja, wengine hata salamu hawatoi wanaanza kupima kwa hatua. Wa mwisho katoa milioni 36 kwa ekari zote 3, hela mkononi. Kaka yangu mkubwa anataka tuuze tununue Costa iingie barabarani. Mama yuko kimya. Mzee anasema kulima amechoka ila kuuza anaogopa na kutouza anaogopa, maana dalali kamwambia asipouza serikali itakuja kuchukua bure.

Mimi niko Dar, nauza duka la vifaa vya umeme la mtu Kariakoo mwaka wa sita huu, nimejiwekea milioni 11 na nataka kurudi nyumbani. Kwahiyo swali langu ni hili, mji unaokua hivi, mtu wa kawaida mwenye ardhi kidogo na milioni 11 anaingilia wapi? Frem? Tofali? Maji? Na hilo la kuchukuliwa bure lina ukweli? Nahitaji zaidi majibu ya waliopitia. Naomba kuwasilisha.

fundi_kizota

Mdogo wangu kabla ya yote piga simu leo hii mwambie mzee asitie dole gumba kwenye karatasi yoyote mpaka utakapofika.

Nakwambia kwa uchungu. Baba yangu mdogo alikuwa na shamba upande wa Mtumba, kubwa kuliko la kwenu. Julai 2016 hayati Magufuli katangaza serikali inahamia Dodoma, tumesikia wote redioni, na baba mdogo akauza kabla mwaka haujaisha. Alijua kabisa serikali inakuja, ila alidhani itaishia mjini kule Uhindini na Viwandani, nani angewaza wizara zitajengwa porini kilomita 17 nje ya mji? Alipata pikipiki moja na mabati ya kuezeka nyumba. Leo akipanda daladala ya Mtumba anakaa upande wa pili wa dirisha. Hakudhulumiwa na mtu, ila aliuza bila kuuliza mtu yeyote hata mmoja.

Hiyo milioni 36 ikate kwa watoto, ikate dalali, kisha hiyo Costa utakayoipata kwa kilichobaki ni iliyochoka tayari, mwaka wa pili iko gereji na shamba hakuna.

Kuhusu biashara, mimi ni fundi ujenzi nitaongelea tofali maana umelitaja. Tofali linauzika Dodoma hilo sina ubishi, lakini kila kona kuna mtu anafyatua na wengi wanaharibu soko. Nimewahi kuletewa saiti tofali za inchi 6, nikashika moja kwa mikono miwili nikaiachia kutoka usawa wa goti, ikageuka mchanga. Nikamuuliza aliyeleta umefyatua ngapi kwa mfuko, akasema 50. Mfuko wa kilo 50! Mimi sivuki 30 na namwagilia wiki nzima asubuhi na jioni. Sasa hapo ndio penye shida, kumwagilia kunataka maji na maji Dodoma sio ya kuchezea. Kama huna maji ya uhakika shambani usiguse tofali, utakuwa unamfanyia kazi mwenye boza.

mpangamiji_dom

Nimesomea mipango miji na nafanya kazi za upimaji hapa Dodoma mwaka wa tisa sasa, nitajaribu kueleza ingawa ni marefu.

Hilo la kuchukuliwa bure sio kweli na huyo dalali anajua sio kweli. Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndio mdhamini, lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 hiyohiyo inasema mtu akiondolewa kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na mzee aliyelima miaka yote kwa umiliki wa asili ana haki hiyo kama mwenye hati. Panapoumiza watu ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza upana kwa barabara kuu, kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Uliyekutwa na barabara unawekewa X ya kijani unalipwa, uliyeifuata barabara unawekewa X nyekundu unavunja kwa gharama zako. Kwahiyo nyie mlio ndani dakika kumi hilo halijawagusa, ila usije ukashawishika kuweka kibanda cha tofali karibu na lami ukidhani umewahi fursa.

Sasa kuhusu mji wenyewe. Sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 wakafika 765,179. Miaka kumi tu. Hao watu zaidi ya laki tatu na nusu wanalala mahali, wanaoga, wanapeleka watoto shule, na ukiangalia wengi hawajaongezeka Makole wala Area C, wameongezeka pembeni, Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa, Mkonze, Miyuji huko, na sasa zamu ya Nala inakuja.

Kitu ambacho wengi hawakijui, Dodoma sio mji uliokurupuka. Uamuzi wa makao makuu ni wa 1973, mwaka huohuo ikaanzishwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ramani ya kwanza kubwa ya mji ikachorwa 1976 na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Mamlaka ikavunjwa 2017 kazi zake zikaenda halmashauri, 2018 tukawa Jiji, na sasa kuna mpango kabambe wa 2019 mpaka 2039. Maana yake karibu kila eneo ndani ya jiji tayari lina kazi iliyopangiwa kwenye karatasi hata kama leo ni uwele mtupu. Nala sehemu kubwa imepangiwa viwanda. Kama kipande chenu kimeangukia viwanda au maghala, ukienda kuomba kibali cha nyumba ya kupangisha utazungushwa mpaka uchoke, lakini yadi ya malori au ghala hapohapo inapita. Na anayempa mzee milioni 36 inawezekana ameshaiona hiyo ramani, nyie hamjaiona. Ndio tofauti yenu na yeye hapo, sio hela.

Fanya hivi. Nenda shambani na simu yako, simama kwenye kila kona ya shamba chukua koordineti, andika. Peleka idara ya ardhi ya jiji, omba uoneshwe mchoro wa mipango miji wa eneo hilo na matumizi yaliyopangwa. Usimtume dalali. Usimtume mtu yeyote, nenda mwenyewe na mzee.

Halafu barabara ya mzunguko. Ina kilomita 112.3, njia nne, imegawanywa vipande viwili, cha kwanza Nala, Veyula, Mtumba mpaka bandari kavu Ihumwa kilomita 52.3, cha pili bandari kavu, Matumbulu mpaka Nala kilomita 60. Soma tena hayo majina. Vipande vyote viwili vinakutana wapi? Nala. Lori linalotoka Dar kwenda Singida, Mwanza, Rwanda, Burundi halina sababu tena ya kuingia mjini, linazunguka linatokea kwenu. Wale waliokuwa wanaishi kwa malori yanayopita katikati ya mji wataumia, na nyie mnaweza kupata, kama mtakuwa na mahali halali pa kulipokea.

Upimaji nao: ekari 3 ni kama mita za mraba 12,140. Shamba likipangwa na kupimwa barabara za ndani na maeneo ya huduma yanachukua sehemu yake, tuseme theluthi, mnabaki na kama 8,000 hivi, ukikata viwanja vya mita 600 unapata 13. Watu wengi wanapoona theluthi imeondoka wanalia, lakini kiwanja kimoja chenye hati na barabara ya kuingilia kinauzwa bei ambayo shamba lisilopimwa haliwezi kuota. Na msipime peke yenu. Ongea na majirani wa pande zote mpimwe kwa pamoja, hasa yule mwenye uso wa barabara, maana usipokuwa na njia ya kuingilia hata ghala likiruhusiwa lori litapita wapi?

mama_lishe_iyumbu

Mwanangu hongera kwa kuuliza kabla. Mimi ni mama ntilie na sioni aibu, biashara hii imesomesha watoto watatu mmoja yuko UDOM pale mwaka wa pili.

Nikueleze nilichojifunza na hela yangu mwenyewe. Mwaka 2021 zile ofisi kubwa za wizara zilipoanza kujengwa Mtumba nilihamishia sufuria zangu kule. Saa kumi usiku nimeshabandika maharage, saa moja asubuhi vibarua wamejaa, chapati na chai, mchana ugali maharage na mlenda, nauza sahani mia na ushee kwa siku. Nilikuwa na daftari, msimamizi wa kampuni moja anaandikisha watu wake nakuja kulipwa Jumamosi wakishapata posho. Miezi saba nimelipwa vizuri. Jumamosi moja nafika, geti liko wazi, wale vibarua hakuna. Kazi ya zege ilikuwa imeisha wamehamishiwa mkoa mwingine usiku wa Ijumaa. Daftari limebaki na deni la 430,000, nalihifadhi mpaka leo.

Nikakaa pale chini kwenye ndoo nikafikiria. Nikaona kumbe mji unaojengwa watu wake wanakuja kwa zamu. Zamu ya kwanza vibarua wa msingi na zege, hao wanataka chakula kingi bei ndogo. Wakiondoka wanakuja mafundi wa vigae, jipsam, alminiamu, umeme, hao wachache ila wana hela na wanataka nyama. Wakiondoka wanakuja walinzi na wafanya usafi. Halafu ndio watumishi, hao ugali wa maharage hawataki kila siku, wanataka wali samaki, matunda pembeni, wanalipa kwa simu na ofisi inataka risiti. Mimi nilikuwa bado napika chakula cha zamu ya kwanza wakati watu wa zamu ya pili wameshafika, ndio maana nikaanguka.

Huku Iyumbu ninakoishi nimeona hivyohivyo kwenye makazi. Mwanzo zilikuwa pagale tupu, biashara ilikuwa kokoto, mchanga na walinzi wa saiti. Watu wakahamia, kitu cha kwanza kutafutwa ni maji, dumu la lita 20 tulilinunua mpaka 500. Halafu gesi na luku. Mwaka mmoja baadae wanatafuta gari la kunyonya choo maana mtandao wa majitaka haujafika na mashimo yamejaa. Halafu mtu wa kulea watoto, maana baba na mama wote wako ofisini Mtumba mpaka saa kumi na moja na bibi yuko Mbeya. Dada mmoja jirani yangu kafungua kituo cha kulea watoto kwenye nyumba ya vyumba vitatu, anakataa watoto sasa hivi.

Kwahiyo usiulize biashara gani inalipa Dodoma, uliza Nala iko zamu ya ngapi. Mimi sijafika Nala siku nyingi siwezi kukudanganya.

Na hizo milioni 11 usiziweke zote chini mara moja. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mama yako ajiunge kikundi. Na manunuzi ya serikali asilimia 30 yametengwa kwa makundi maalum, kikundi chetu tumejisajili kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, tumepata kazi ya chakula cha semina mara mbili. Kuna usumbufu, makaratasi mengi, ila ikitiki inalipwa.

mkaazi_area_c

Wote mmesema vizuri ila naomba mtu aseme na upande wa pili maana kijana anaweza kuja na moto akaungua.

Nina lodji ya vyumba 14, nilijenga kwa mkopo 2018 wakati kila mtu anaimba Dodoma Dodoma. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti likiwepo chumba hupati. Bunge likifungwa nina wiki ambazo vyumba vitatu tu ndio vina watu, na benki haijui Bunge limefungwa, marejesho ni yaleyale. Halafu treni ya mwendokasi ilipoanza 2024 ikaja na neema na pigo kwa pamoja. Mgeni wa siku moja aliyekuwa analala usiku mbili sasa anakuja asubuhi anageuza jioni, Dar ni masaa matatu na nusu manne. Watumishi nao familia nyingi bado ziko Dar, Ijumaa jioni mji unapungua watu ukiwa na baa utaona kwa macho. Hiyo laki saba na nusu ya sensa wamo pia watoto wachanga na wakulima wa Hombolo, sio wote wana mshahara wa wizara.

Sisemi usije. Nasema hesabu watu walioko leo, sio watu wa 2039.

fundi_kizota

Mzee wa Area C kasema kweli kabisa. Nyongeza yangu, kabla ya kutoa hata mia, wewe au kaka yako mkae barabarani pale Nala siku tatu, usiku na mchana, na daftari. Andikeni malori mangapi yanasimama, yanasimama saa ngapi, dereva akishuka anauliza nini na anakikosa nini. Hiyo ni bure. Mimi kabla ya kuhamia Kizota nilikaa wiki naangalia magari ya mchanga yanaelekea wapi, ndio nikajua watu wanajenga wapi.

Na angalieni udongo. Kama chini ni ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika, msingi wa kawaida hausimami, nyumba inachanika kwenye lenta mwaka wa kwanza. Uwele unaota vizuri sio maana nyumba itasimama vizuri. Na mvua inayokuja Desemba kuelekea Aprili ijapo ni kidogo inakuja kwa kishindo, korongo lililokauka miezi nane linajaa kwa saa moja, muulize mzee maji yalishawahi kufika wapi, hilo hakuna ramani itakuonesha kama yeye.

kijana_wa_nala

Nimesoma majibu yote mara mbili na nimempigia mzee nikamsomea sehemu ya dole gumba, kashukuru sana na kasema nimsalimie fundi. Kaka kakasirika kidogo ila hiyo kazi ya daftari kaikubali, kasema atakaa usiku maana mchana anaendesha bajaji. Mpangamiji swali moja, majirani wakikataa kupimwa pamoja nafanyaje?

mpangamiji_dom

Usianze kwa kuwaambia upimaji, neno hilo limeshawahi kuliza watu hapa mjini. Wengine wanakumbuka bomoabomoa za zamani wakisikia bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, wanaona greda. Anza na mwenyekiti wa mtaa, itisheni kikao chini ya mti, mzee wako aongee kwa Kigogo, waoneshwe mchoro uliopo tayari wajue kwamba barabara imechorwa kwenye shamba zao wapende wasipende, na kwamba wakipimwa wao wenyewe ndio wanabaki na viwanja. Gharama mnaweza kukubaliana na wapimaji mlipe kwa viwanja badala ya hela, ila uwiano uandikwe, usomwe kwa sauti mbele ya wote, na mzee asiyejua kusoma awe na mtoto wake pembeni. Nimeona makubaliano mazuri yameharibika kwasababu watu waliambiwa kwa mdomo tu.

mama_lishe_iyumbu

Na mama awepo kwenye hicho kikao. Kimya chake usikione ni kukubali.

kijana_wa_nala

Wakuu nimerudi na mrejesho, imepita wiki ya sita. Nilichukua likizo nikapanda treni nikashuka Dodoma saa nne usiku, asubuhi tukaenda na mzee idara ya ardhi na zile koordineti kwenye karatasi. Tulikaa foleni mpaka saa nane ila tulioneshwa mchoro. Sehemu ya juu ya shamba letu, karibu ekari mbili, imepangiwa maghala na viwanda vidogo. Sehemu ya chini inayoshukia korongoni ni eneo la wazi haliruhusiwi kujengwa kabisa. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza mwezi mzima, kasema hapo korongoni hata yeye hajawahi kupanda kitu, mwaka wa mvua kubwa ng'ombe wawili wa babu walienda na maji palepale.

Kwahiyo nyumba za kupangisha nilizokuwa nawaza usiku zimekufa, na nashukuru zimekufa kwenye karatasi kabla ya kununua tofali.

Kaka naye alikaa na daftari usiku nne, sio tatu, aliongeza mwenyewe. Ninalo hapa mkononi, kaandika kwa penseli, ukurasa wa usiku wa kwanza una mistari 41 ya malori yaliyosimama. Mbele ya kila mstari kaandika neno moja dereva alilouliza. Choo, choo, maji ya kuoga, pancha, choo, chakula, kuoga, mlinzi. Saa nane mpaka saa kumi usiku ndio wengi, na saa hizo kila kibanda kimefungwa. Tanboi mmoja kamuomba aogee kwenye ndoo ya bajaji. Kuhusu Costa kaka hajaongea tena, sasa anaongea habari ya tanki la lita 10,000 na mabafu sita, na anauliza kama bomba la maji likichelewa tutachukua boza mara ngapi kwa wiki, tumepiga hesabu tukaona kwa wateja wa kuoga 30 kwa usiku inabeba ila kwa shida, kwahiyo gata za kuvuna mvua na kisima tunaviulizia pia.

Kikao kilifanyika. Majirani saba, watano wamekubali, wawili wanasubiri watoto wao waje kutoka Singida na Dar. Mwenye uso wa barabara amekubali, ila kwa sharti kwamba njia ipite pembeni ya kaburi la mama yake isiligeuze, mpimaji kasema inawezekana mchoro wa ndani ukarekebishwa kidogo na wataomba hivyo. Mama aliongea. Alisema yeye hatauza kiwanja hata kimoja mpaka kimoja kiandikwe jina lake, na kitaandikwa.

Milioni 11 nimetoa moja na nusu tu mpaka sasa, mchango wa upimaji na nauli za kufuatilia. Kazi Kariakoo bado sijaacha, nimemwambia bosi mpaka Juni.

Kuna mbuyu kwenye mpaka wa juu ambao kwa mchoro wa kwanza ungeanguka katikati ya njia ya malori. Mzee kagoma, kasema utaondoka yeye akiwa hayupo. Mpimaji kausogeza mstari mita nane, na kaka kashaandika nyuma ya daftari, "mbuyu – mabenchi, chai ya usiku".